Nyumba Tuliyoiruka

Jumatano, 5 Novemba 1997

Leo jumuiya yetu imezaliwa, na imezaliwa ikiwa imelowa chapachapa. Mchungaji mpya ametugawa waumini wote katika vikundi vya majirani, kila kikundi kisali nyumba kwa nyumba Jumatano alasiri. Anasema sababu ni upendo. Sababu nyingine tunaijua wote: tangu mambo yalegezwe kila mtu anafungua anachotaka, huyu duka, yule kanisa, na pale Tukuyu kuna hema lenye vipaza sauti linalotunyang'anya vijana. Sisi hatuna vipaza sauti. Tuna chai.

Wamenichagua kiongozi kwa kuwa nilifundisha shule miaka mingi na wanasema nina jicho la kunyamazisha watu. Mzee Ambilikile, mzee wa kanisa tangu mimi nikiwa msichana, atanisaidia. Tulianzia hapa kwangu. Mume wangu Yohane alikaa mlangoni akatugeuzia sikio lake bovu, kama kawaida yake maneno yakizidi.

Nilipopanga zamu nilitaja nyumba kwa sauti, moja baada ya nyingine. Nilipofika ng'ambo ya kijito, kwa bibi Sekela, mzee Ambilikile akakohoa.

"Huko njia inateleza, mama Ackson. Tumwache kwanza."

Hakuna aliyebisha. Mimi pia sikubisha. Kweli inateleza.

Jumatano, 12 Novemba

Kwa mzee Ambilikile. Nyumba yake iko kando ya barabara, tukafika na viatu safi. Katikati ya wimbo wa pili tukasikia sauti ya tatu, maana tulikuwa tunaimba sauti mbili tu. Ilitoka ng'ambo ya kijito, juu ya migomba, nyembamba na imenyooka. Hakuwa akiimba wimbo wetu. Alikuwa akiimba ule tunaozikia watoto.

Felista, jirani yetu aliyefiwa na mtoto, akainuka akatoka nje. Mzee Ambilikile akapandisha sauti, nasi tukaipandisha, tukamaliza wimbo kama watu wanaogombana.

Jumamosi, 15 Novemba

Kuchuma chai tangu asubuhi. Ukungu. Vidole vimekufa ganzi.

Jumatano, 19 Novemba

Kwa Felista. Nilitaka kuandika "kwa mama Jacob", kalamu ikasita. Hatujui tumwite nani. Jacob ndiye mtoto wake wa kwanza, na Jacob alikufa mwezi wa tisa, ana miaka saba. Wengine bado wanamwita mama Jacob, anaitika, kisha anaangalia mlangoni.

Niandike mara moja mambo yalivyokuwa, ili nisiyazungushe kichwani. Jacob na wenzake waliiba ndizi mbivu kwa bibi Sekela. Bibi akawakimbiza na fimbo akipiga kelele, "Mtaona!" Wiki hiyohiyo mtoto akashikwa na homa. Walipompakia kwenye gari kumpeleka hospitali, alikuwa ameshapoa. Nani asiyewahi kumwambia mtoto mtundu "utaona"? Mimi nimewaambia wilaya nzima. Wala si hilo lililomponza Sekela. Kilichomponza ni kwamba hakuja msibani. Hapa kwetu ukigombana na mtu hata kwa panga, msiba ukimfika unakwenda kulia. Unakaa chini kwenye majani ya migomba na wanawake wenzako, unalia mpaka sauti ikauke. Asiyekuja anajulikana amekaa nyumbani na nini moyoni. Wazee wana neno lao, mbepo, ile baridi inayotoka kinywani mwa mtu mwenye kinyongo ikaenda kumshika mwenzake kifuani. Kanisani hatulitaji neno hilo. Msibani wote tulikuwa nalo kichwani.

Leo sauti ilikuja tena, saa ileile, wimbo uleule. Felista hakutoka. Alikaa ameziba masikio kwa kanga mpaka tukasema amina.

"Ananicheka," aliniambia wakati tunaosha vikombe. "Hakumlilia mwanangu. Sasa anamwimbia ili nisimsahau."

Nikaendelea kusuuza vikombe.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua ya mawe. Watu watano tu. Sauti ilikuwepo.

Jumatano, 17 Desemba

Zamu imezunguka ikarudi kwangu. Niliposoma nyumba zinazofuata, aliyekohoa safari hii ni mimi. Nikasema mwenyewe, "Huko njia inateleza," wakanishukuru kwa macho.

Jumatano, 24 Desemba

Mchungaji alikuja kusali nasi. Ni kijana mwembamba, anavaa viatu vya mjini ambavyo udongo wetu umeshavila. Alihubiri vizuri juu ya Bwana kukosa nafasi katika nyumba ya wageni. Kisha akauliza, kwa moyo mweupe kabisa, "Nyumba zote mmezifikia?"

"Zote, Mchungaji," alijibu mzee Ambilikile.

Watu wakaangalia vikombe vyao. Nilimwangalia mzee huyu aliyenibatizia watoto kwa maji ya dharura, aliyenishika mkono nilipomzika mama, na kwa mara ya kwanza nikaona amejimwagia chai. Nilidhani ni uzee.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Mjukuu wangu Doreen ana joto. Anatapika.

Jumanne, 6 Januari

Nimelala Makandana, hospitali, chini ya kitanda cha mtoto. Malaria imempanda kichwani. Daktari amemtundikia dripu. Felista alikuja na uji, mwema kama kawaida yake, akaniinamia sikioni.

"Ulimsalimia lini yule bibi?"

Nikakumbuka. Jumapili, njiani kutoka kanisani. Bibi Sekela huwa anakaa benchi la nyuma peke yake, na benchi lote linabaki tupu hata watu wakisimama. Aliniambia, "Ndaga, asante sana mama Ackson, kwa jumuiya yako nzuri." Nikaitika haraka, nikampita. Doreen alikuwa ameshika sketi yangu, na bibi alimgusa kichwani.

Naandika haya na aibu imenijaa, lakini nitaandika. Niliinuka nikachovya kitambaa majini nikamfuta mtoto kichwa pale alipoguswa. Nilikifuta mara nyingi. Mimi, mwalimu. Mimi, kiongozi wa jumuiya.

Ijumaa, 9 Januari

Doreen ameomba ndizi za kuchoma. Mungu ni mwema. Daktari anasema dawa imefanya kazi. Felista anasema niwe mwangalifu.

Jumatano, 14 Januari

Jumuiya kwa mzee Ambilikile. Sauti.

Nimeanza kuisikia hata siku zisizo Jumatano. Naisikia kwenye chai nikichuma, naisikia birika likianza kuchemka. Nilimuuliza Yohane kama na yeye anaisikia. Nilitegemea atanicheka.

"Naisikia," alisema. "Tena kwa sikio hili bovu."

Jumanne, 27 Januari

Nilikwenda kituoni, kwenye maduka, kumpelekea Mwanaharusi gauni anipunguzie. Yeye na mumewe Maulidi walihamia hapa biashara ilipofunguliwa, mume anauza vitambaa na mitumba, mke anashona. Ni mtu wa mdomo mzuri, na hana habari na mambo ya mbepo.

"Mama Ackson, nyie watu wa kanisa mna visa," aliniambia, pini kaziuma mdomoni. "Yule bibi wa ng'ambo si mwenzenu?"

"Ni mwenzetu."

"Basi mimi Jumatano huwa namfuata ndizi. Nikifika nakuta uwanja umefagiliwa, viti vimepangwa, vigoda, mikeka, vikombe vimefunikwa kitambaa cheupe. Birika liko motoni. Namuuliza, bibi, wageni wako wapi? Ananiambia, wako njiani. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu vilevile. Nikamwambia bibi, wageni wako hawa wanatembea kwa magoti? Akasema, mvua nyingi, mwanangu, wanakuja polepole."

Akazitoa pini.

"Halafu ananinywesha chai yenu yote. Mimi mtu mmoja! Nitaimaliza wapi?"

Niliondoka bila kumwachia gauni. Nilirudi nalo nyumbani chini ya kwapa.

Jumatano, 28 Januari

Nilikusudia kuwaambia wenzangu juu ya vikombe. Nilifungua mdomo, sauti ya ng'ambo ikaanza, nikaufunga. Sasa kila ninapoisikia naviona vile viti. Nadhani ningependa zaidi angekuwa mchawi.

Jumatano, 11 Februari

Kijito kimechukua gogo la kuvukia. Redioni mvua hizi wanaziita Elinino, na wanasema barabara zimekatika nchi nzima. Mzee Ambilikile alitangaza habari ya gogo kwa uso wa huzuni, na nikaona mabega ya watu yakishuka, yakapumzika. Sasa tuna sababu ya kweli. Nilipumzika na mimi. Mungu anisamehe, nilipumzika.

Jumapili, 22 Februari

Benchi la nyuma tupu kabisa. Hawezi kuvuka.

Jumatano, 4 Machi

Sauti ipo, ila imekuwa na mkwaruzo.

Jumatano, 18 Machi

Hakuna sauti.

Tuliimba wimbo wa kwanza tukangoja. Hakuna aliyesema tunangoja, lakini tulingoja. Wimbo wa pili tuliuimba taratibu, tukiacha nafasi, kama unavyomwachia mtu njia apite. Kimya. Migomba inadondosha maji tu. Felista alikuwa ameshika kanga yake tayari kwa kuziba masikio, akabaki ameishika hivyohivyo. Tulimaliza mapema. Chai haikunyweka.

Jumatano, 25 Machi

Kimya. Ni kibaya kuliko ile sauti. Mtoto mmoja aliuliza, "Bibi haimbi leo?" akafinywa.

Jumatano, 1 Aprili

Naandika mkono ukiwa bado mzito kwa baridi, na nguo zangu zinakauka juu ya moto. Niandike yote.

Tulikuwa kwa Felista. Mvua ilikuwa nyepesi. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, badala ya kusoma neno nilisimama nikasema nimechoka. Nikawaambia habari ya vikombe, ya kitambaa cheupe, ya mikeka. Nikasema wiki ijayo ni Ijumaa Kuu, na mimi siwezi kwenda Meza ya Bwana na nyumba moja imenikaa kooni. Nikasema jumuiya inayoruka nyumba haina tofauti na mchezo wa watoto wa kuruka kamba. Wiki ijayo nitavuka, atakayetaka atanifuata.

Felista aliinuka kwa namna iliyonifanya nirudi nyuma.

"Wewe mjukuu wako yupo!" alipiga kelele. "Anakula ndizi! Mimi nilikaa chini pale, wanawake wa vijiji vitatu wamekaa nami, nikahesabu nyuso. Kila mama alikuja. Wale ambao hatusalimiani walikuja. Yeye yuko ng'ambo tu hapo, moshi wa jiko lake nauona. Hakuja kumlilia mwanangu! Mtu asiye na kitu moyoni angekuja!"

 Ndipo mzee Ambilikile akasema, amekaa, anaangalia sakafu:

"Alikuja."

"Alikuja wapi?" aliuliza Felista.

"Alikuja hadi kwenye gogo. Amejifunga kanga kiunoni, ameshika majani ya migomba. Nilikuwa pale nawapokea watu. Nikaona vijana wamekunywa, wana hasira. Nikamwambia, Sekela, rudi kwanza, tutulize watu, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Akanisikia. Mimi ni mzee wa kanisa, angefanya nini? Akarudi." Aliweka kikombe chini. "Sikwenda kumchukua. Kesho yake watu walikuwa wameshasema, na waliyosema yalikuwa makubwa. Nikaona nikifungua mdomo yatanigeukia. Nikasema moyoni, yatapoa yenyewe."

"Ukanyamaza," alisema Felista.

"Nikanyamaza, mwanangu."

"Miezi yote hii. Nakupa chai mkono kwa mkono."

 Felista alimsogelea hadi mbele ya kiti chake. Nilidhani atampiga. Akachukua kanga, akajifunga kiunoni kwa nguvu, namna ya kwenda msibani, akatoka nje kwenye mvua. Uwanjani akakata jani la mgomba akaliweka begani. Wanawake tukatoka nyuma yake, wanaume wakafuata, na hakuna aliyesema neno la njia kuteleza ingawa tulianguka mara ngapi sijui.

Kijito kilikuwa kimejaa, cha rangi ya kahawia, kinatoa mlio. Yohane wangu aliingia wa kwanza na mpini wa jembe akipima kina, maji yakamfika kiunoni. Akanyoosha mkono, tukashikana, tukavuka mstari mmoja. Nilipogeuka nilimwona mzee Ambilikile amebaki ukingo wa pili, amesimama palepale alipomsimamisha Sekela. Mwavuli ameushika umefungwa, analowa. Nilimwita. Akatikisa kichwa.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa, lakini si leo. Majani yalikuwa yameangukia alama za ufagio. Viti vilipangwa barazani kuzunguka meza ndogo. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeota ukungu wa kijani pembeni, na juu yake kuku alikuwa amelala. Nilisema moyoni, tumechelewa.

Felista alisukuma mlango.

Bibi Sekela alikuwa kitandani chini ya blanketi, mdogo kama mtoto, macho yako wazi. Alituangalia sisi sote tuliolowa tumejazana mlangoni. Akajaribu kusema, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi yenye maneno ndani.

"Karibuni. Mmepata shida ya mvua."

Felista alipiga magoti. "Bibi, kwa nini ulikuwa unaimba?"

"Nilikuwa nalia msiba," alisema Sekela. "Nilikatazwa kuja. Nikasema, siku wanayokutana wote nitalia nao nikiwa huku, mpaka nimalize. Sasa sauti imekwisha, mama Jacob. Sijui kama nimemaliza."

Alivyomwita mama Jacob, Felista hakuangalia mlangoni. Alilitandika lile jani la mgomba sakafuni, akakaa juu yake, akamvuta bibi kutoka kitandani taratibu na blanketi lake akamkalisha kando. Akaanza kulia. Ule mlio sikuusikia hata siku ya mazishi. Sekela alikuwa amefungua mdomo, machozi yanashuka, sauti hakuna, basi sisi wengine tukakaa chini tukamlilia sauti yake. Hatukusoma neno. Hatukuimba. Sadaka hatukutoa. Nadhani ile ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya jumuiya yetu, na nadhani tulikuwa tumeanza kwa msiba kwa kuwa ndipo tulipokuwa tumevunjikia.

Kisha mimi nikaosha vikombe.

Jumatano, 8 Aprili

Vijana wameweka gogo jipya. Wamembeba bibi Sekela kwenye kiti hadi kwangu. Kifua kinampa shida bado, lakini amekunywa supu. Doreen alikaa miguuni pake. Nilimwacha. Mkono wangu ulitaka kumvuta, nikamwacha.

Mzee Ambilikile hakuja.

Jumapili, 12 Aprili, Pasaka

Benchi la nyuma lilijaa, wengine wakakosa nafasi. Kiti cha mzee wetu mbele kilikuwa kitupu. Wakati wa Meza ya Bwana Mchungaji aliniuliza kwa macho yuko wapi. Nikaangalia kitabu changu.

Jumatano, 15 Aprili

Ilikuwa zamu ya kwenda kwa mzee Ambilikile. Nilipoitaja nyumba yake watu wakaangalia vikombe vyao. Kisha Felista akasema, taratibu, anakunja ncha ya kanga:

"Huko njia inateleza. Tumwache kwanza."

Nyumba yake iko kando ya barabara. Hakuna aliyebisha. Tukaenda nyumba iliyofuata.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua zimepungua. Tumekutana tena kwa Felista, mlango wazi, jua la jioni hadi kwenye miguu ya viti. Bibi Sekela alikuwa kando yangu, amevaa sweta langu. Tukaimba wimbo wa kwanza. Wa pili tulipoufikisha katikati, nikainua kichwa.

Kulikuwa na sauti. Bibi Sekela mdomo wake ulikuwa umefungwa, nilimwangalia nikahakikisha. Ilikuja kutoka upande wa barabarani, nzito, ya mzee, inakwama pale wimbo unapopanda. Alikuwa akiimba uleule tunaozikia watoto.

Tukaacha kuimba mmoja baada ya mwingine. Felista alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili, na safari hii hakujua aipeleke wapi. Yohane aligeuza kichwa, akaielekezea sauti ile sikio lake bovu.

Bibi Sekela ndiye aliyeinuka. Ilimchukua muda, akashika bega langu, akatafuta fimbo yake.

"Bibi, wewe unakwenda wapi?" aliuliza Felista. "Yule ndiye aliyekufungia ng'ambo."

"Najua," alisema Sekela kwa ile pumzi iliyombakia. "Ndiyo maana najua na kilichoko kule. Ameshapanga viti." Akafika mlangoni, akageuka kutuangalia. "Inukeni. Chai yake inapoa."